Wachuuzi Wasiojua Kusema Sina

Nimeishi Voi tangu zama ambapo treni ilisimama kumpisha kondoo, na kwa miaka yote hiyo nimeona maduka ya kila aina ya upumbavu. Nimeona duka la miavuli, hapa Voi, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuishangaa. Nimeona duka la mitumba ambalo mwenyewe alikuwa mteja wake wa pekee, mpaka akabaki amesimama mlangoni amevaa bidhaa zote. Lakini duka la kijinga kuliko yote sikuliona barabarani. Nililiona ndani ya kompyuta ya mpwa wangu Moureen.

Moureen ni binti wa dada yangu. Amekodi chumba nyuma ya duka la Mutiso, mtaa wa Kaloleni, na humo anashona viraka. Si viraka vya suruali. Kuna gemu moja ya mapanga na mazimwi, imetengenezwa na watu wa ng'ambo. Mchezaji anakuwa shujaa, anazunguka dunia, anapigana, ananunua, anauza. Watu kama Moureen huichukua gemu hiyo wakabandika vitu vyao juu yake: miji mipya, watu wapya, mambo mapya ya kufanya. Kiraka hicho wenyewe hukiita modi. Modi ya Moureen ilikuwa Taita Taveta nzima: mlima Kasigau, Ziwa Chala, soko la ndizi, hata vumbi letu jekundu, ambalo alikuwa amelipaka vizuri hivi kwamba nilipoliona mara ya kwanza nilipiga chafya.

Na haikuwa mchezo tu. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inatafuta mtu wa kuwatengenezea masoko ndani ya gemu yao wenyewe, kazi ambayo unafanya ukiwa kwako. Jumamosi wangemtuma mtu aje aicheze modi hiyo mwanzo hadi mwisho. Akiipenda, Moureen anabaki Voi na mshahara. Akiikataa, anarudi Nairobi kwenye kazi yake ya zamani, ya kupokea simu za wateja wenye hasira na kuwaambia pole mpaka ulimi unaota sugu. Alikuwa ametoka huko amekonda kama mlingoti wa mkonge, na usingizini bado alikuwa akiomba watu radhi.

"Mjomba," akaniambia, "kaa hapa ujaribu. Ukiielewa wewe, hakuna atakayeshindwa."

Nililimeza tusi hilo kwa sababu alikuwa amechemsha chai. Nikakaa.

Nikamwongoza shujaa wangu mpaka sokoni. Nyuma ya meza alisimama mama mmoja mwenye leso, ametulia kama picha ya kitambulisho. Nikamwuzia panga lililovunjika. Akanunua. Nikamwuzia fuvu la mbuzi. Akanunua. Nikaenda nikamvua maiti mmoja kiatu cha kushoto, cha kulia kilikuwa kimeliwa na fisi, nikampelekea. Akanunua na asante akasema. Mimi nikanunua mishale yake yote, na mikate, na dawa, mpaka nikamwacha hana kitu.

"Sasa lala siku mbili," Moureen akasema.

"Nilale? Jua liko utosini."

"Kwa gemu, Mjomba. Bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Jua la humo ndani likazama na kuchomoza kama mtu anapepesa macho. Nikarudi kwa yule mama. Mishale imejaa. Mikate imejaa. Dawa zimejaa. Na mama mwenyewe hajasogea hata unywele.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Kwa kasha. Kila muuzaji ana kasha lake limefichwa chini ya sakafu, mchezaji halioni. Huyu mama hana kitu, yeye anasimama tu. Vitu vyote viko kwa kasha. Kila siku mbili za gemu, kasha linamwagwa, halafu linajazwa upya na vile vitu nimeandika."

"Na fuvu langu la mbuzi?"

"Limemwagwa pia."

"Limemwagwa wapi?"

"Hakuna mahali, Mjomba. Limefutika."

Niliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mama huyu ananunua fuvu la mbuzi, hajui la kazi gani, analifuta. Halafu anapokea mishale kutoka hewani. Hajaamka alfajiri, hajabishana na mtu wa lori, hajapigwa na vumbi la Maktau, gunia halijampasukia njiani. Huyu si mfanyabiashara, Moureen. Huyu ni mzimu umepewa meza."

"Gemu zote ziko hivyo."

"Basi gemu zote zimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kutumwa dukani."

Moureen akanuna. Lakini ni mtoto wa dada yangu, namjua. Akinuna hivyo ujue jambo limeingia.

Nikatoka nje kumwita Dinah. Dinah ni mwenyeji wa Mboghoni, kule ambako maji ya mifereji hayajui kiangazi. Huleta ndizi zake Voi na kuziuza kwenye baraza la duka la Mutiso, na ana mdomo ambao ungeweza kumenya ndizi bila mkono. Alikuwa ndiye mama mwenye leso ndani ya gemu, kwa maana Moureen alimchora akimtazama dirishani.

Dinah akainama mbele ya kioo. "Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Mama Dinah," Moureen akasema.

"Mbona umeninyima kiuno? Na hii meza mbona imejaa hivi? Mtu akipita akaona meza imejaa, atajua hakuna anayenunua, atapita na zake. Mimi huweka kidogo tu hapa juu. Mkungu mzuri uko chini ya gunia, wa yule ambaye atauliza mara ya pili."

"Hilo ndilo kasha," nikamwambia Moureen. "Umesikia? Na yeye analo, lakini lake lina ndizi kweli."

"Na bidhaa zikiisha?" Moureen akauliza. "Unangoja siku ngapi zijae?"

Dinah akamtazama kama ameulizwa umri. "Nani amekwambia mimi huishiwa?"

Hapo hapo, na sitaki mtu aseme nimetunga, mteja akaita kutoka barazani. Mwanamume mmoja wa makamo, anataka tangawizi. Sasa Dinah hajawahi kuuza tangawizi tangu azaliwe. Sote watatu tukatoka kuangalia.

"Tangawizi ipo," Dinah akamwambia. "Safi kabisa. Ngoja kidogo, baba. Kaa hapo kwa benchi."

Mtu akakaa. Dinah akazunguka kona, akashika mbio, leso inapepea nyuma. Mama wa viungo wa ng'ambo ya barabara alikuwa hana. Tukamwona naye akimwambia Dinah, "Ngoja kidogo," akashika mbio zake. Baada ya muda tangawizi ikaja kupitia mikono kadhaa, imeoshwa, inang'aa, na Dinah akaikabidhi kama ameing'oa sasa hivi katika shamba la babake. Mteja alikuwa ameshakula ndizi mbili akingoja. Akalipia vyote, akaenda zake akisifu.

Moureen alibaki ameshika mlango, mdomo wazi. "Yaani hivyo ndivyo mnavyojaza?"

"Sasa ulifikiri vipi?" Dinah akauliza huku akitweta. "Nimwambie sina? Nikimwambia sina, kesho atapitia wapi?"

Wiki hiyo Moureen hakutoka chumbani. Akaondoa habari ya makasha kumwagwa kila siku mbili. Akaandika kwamba kitu ukimwuzia muuzaji kinabaki kwake, au kwa yule aliyemwuzia, lakini kipo mahali. Akaandika ndizi zinafika siku za soko tu, na tembo wakivamia mashamba ya Kasigau, mahindi ya Kasigau hayaji. Halafu akaandika lile kubwa: muuzaji akikosa kitu, anasema "Kipo, ngoja kidogo," anakuonyesha benchi, anakimbia kwa jirani. Jirani naye akikosa, anakimbia kwa jirani yake. Tulijaribu tukaona mama wa leso akitimka na kurudi na kitunguu. Dinah alipiga vigelegele, na safari hii alikuwa na kiuno.

Jumamosi akaja Elvis.

Elvis ndiye mtu aliyetumwa na kampuni. Alishuka akiwa na viatu vyeupe, na hapo tayari nikajua akili yake, kwa sababu anayeleta viatu vyeupe Voi anaweza kupeleka mshumaa jikoni akauhifadhi juu ya jiko. Alikuwa na maji yake ndani ya chupa yake, na alitazama mji wetu kama mtu ambaye treni imemshusha kituo kisicho chake.

"So huu ndio mtaa," akasema.

"Ndio huo," nikamjibu. "Mwingine tumeupeleka kufuliwa."

Hakucheka. Akaingia, akakaa, akavunja vidole, akaanza kucheza. Na kwa kucheza, sitamnyima haki yake, alikuwa mwepesi kama nyani wa Sagalla. Mwanzoni kabisa mwa modi, bibi mmoja anampa shujaa taa na kumwambia asimpe mtu. Elvis hakumalizia hata kumsikiliza bibi. Alifika Chala kwa mfinyanzi wa vyungu, muuzaji wa kwanza njiani, akamwuzia mfinyanzi kila kitu kilichokuwa begani: blanketi, kibuyu, na taa ya bibi.

Moureen akauma mdomo. Hakuruhusiwa kumsaidia.

"Siku zote uza kila kitu mapema," Elvis akanifundisha mimi, ambaye sikuuliza. "Mzigo ukiwa mwepesi, unakimbia. Ukihitaji kitu baadaye, unalala siku mbili, wauzaji wanajaa, unanunua. Ni basic, mzee wangu."

"Naona," nikasema.

Akakimbia kweli. Akapigana, akaruka, akafika pango la Kasigau ambamo joka linakaa. Ndani ni giza la kumeza mkono. Shujaa akajikwaa, akagonga ukuta, akang'atwa na kitu ambacho hakukiona. Maandishi yakatokea: unahitaji taa.

"Poa," Elvis akasema. Akarudi sokoni kwa mama wa leso. Akabonyeza kununua, akatafuta taa. Haipo.

"Taa ipo," mama wa leso akasema. "Ngoja kidogo, mpendwa. Kaa hapo kwa benchi."

Akatimka.

Elvis akainua nyusi. "Ameenda wapi?"

"Kutafuta," Moureen akasema.

Tukangoja. Mama wa leso alifika kwa muuza nyanya. Muuza nyanya hana taa. Akatimka kwa fundi wa viatu. Fundi wa viatu akatimka kwa mhunzi. Mhunzi akaacha nyundo hewani, akatimka. Kila mmoja alimkuta mwenzake, na kila mmoja alisema kipo, ngoja kidogo, na kila mmoja alipotea nyuma ya kilima akifuata wa mbele. Punde soko zima likabaki na kuku mmoja, na shujaa wa Elvis ameketi kwa benchi na panga lake mapajani kama mtu anayengoja daktari.

Elvis akabonyeza kulala siku mbili. Jua likazama, likachomoza. Soko tupu. Kuku yule yule.

"Maze, imekwama hii."

"Haijakwama," Moureen akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza ile ya kuomba radhi kwenye simu. "Wanatafuta. Taa ni moja tu kwa gemu yote, so inabidi..."

"Watatafuta mpaka lini? Mbona hawaniambii hakuna?"

Moureen akageuka akanishika mkono, akanong'ona: "Mjomba. Sikuandika sina."

"Hukuandika nini?"

"Hakuna muuzaji anayejua kusema sina. Sikuwawekea hilo neno. Mama Dinah hakunitajia, na wewe hukunitajia."

Nikatafuta kichwani ni lini niliwahi kumsikia mwenye duka wa Voi akilitamka neno hilo. Sikumpata. Ungewezaje kumfundisha mtoto kitu ambacho hujakisikia?

Elvis akasukuma kiti nyuma. "Sikia, Moureen. Michoro yako ni fiti. Lakini hii ya wauzaji ni ujinga. Hakuna muuzaji wa hivi duniani. Muuzaji akikosa kitu anasema hana, kwisha. Mchezaji hataki kukalishwa kwa benchi kama amekuja kliniki." Akatoa simu yake, ikawa imezima, betri imeisha. Akapapasa mkoba, akapapasa mifuko. "Na chaja nimeacha Nairobi. Acha nitafute moja hapo nje nimpigie bosi, anangoja jibu. Pole, sawa?"

Akatoka. Moureen akaivuta kompyuta kwake. "Nazitoa hizi mbio. Narudisha makasha. Akirudi nitamwomba ajaribu tena."

"Usiguse," nikamwambia. "Mtu huyu hana chaja. Asiye na chaja hajampigia bosi. Waache wakimbie, na mimi nakwenda kukimbiza upande wangu."

Nikamkuta Elvis mbele ya kaunta ya Mutiso. Mutiso ni Mkamba mwembamba, anauza misumari, unga, sabuni, dawa ya kupe na kadi za harusi. Elvis alikuwa akimwonyesha tundu la simu yake, tundu la aina ambayo Mutiso hakuwa nayo na sidhani alikuwa amewahi kuiona.

Nikamkonyeza Mutiso juu ya bega la mgeni. Nikaonyesha kwa kidevu upande wa mbali, upande wa stesheni.

"Ipo," Mutiso akasema bila kupepesa. "Original. Ngoja kidogo, boss. Kaa hapo kwa benchi."

Benchi la Mutiso linahitaji maelezo. Mutiso aliliweka mahali ambapo jua linalifikia kutoka asubuhi hadi jioni, na hilo halikuwa bahati mbaya. Elvis aliketi, na kabla hajamaliza kufuta paji la uso Dinah alikuwa amemfungulia soda baridi. Alipokuwa akiinywa nikakaa kando yake, nikaanza kumweleza habari za ndovu wa Kasigau, maana huko ndiko alikokwama.

Nikamwambia kuhusu Silvanus, rafiki yangu wa huko, ambaye ndovu mmoja alikuwa akimvamia shamba kwa utaratibu. Haliharibu shamba. Anakula yale mahindi yaliyokomaa, na mabichi anayafunga fundo mabua yake kwa mkonga, ili akirudi ajue alipoachia. Silvanus akaona ujanja, akafunga mafundo yake mwenyewe kwenye shamba la jirani. Ndovu akahamia kwa jirani. Jirani akashtaki kwa chifu. Chifu akamwita ndovu.

"Ndovu akaja?" Elvis akauliza.

"Alituma wakili."

Akanitazama sana. Lakini alikuwa ameshachukua karanga za Dinah na kuzitafuna bila kujua alizipata wapi. Jua lilipozidi, Dinah akamletea kofia, moja ya zile za Mutiso za makindu, akaivaa. Akanunua leso ya kujifutia jasho. Akaula mkungu mdogo wa kisukari ndizi kwa ndizi, na kila ganda Dinah alilipokea kwa heshima kama sadaka.

Wakati huo Mutiso alishapita mbele yetu akikimbia na mtu wa simu. Halafu mtu wa simu akapita akikimbia na kinyozi. Halafu kinyozi akapita na mwenye duka la vioo, sabuni ya kunyolea bado iko mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja akiuliza, "Na mimi je?" Elvis alisimama akatazama mtaa. Milango ya maduka ilikuwa wazi yote. Hakuna mwenye duka hata mmoja. Kuku mmoja alikuwa akivuka barabara kwa nafasi yake.

"Wameenda wapi hawa wote?"

"Wanatafuta chaja yako," nikasema.

Aliketi tena polepole, kofia imemkaa upande, akamtazama yule kuku.

Mutiso akatokea hatimaye kutoka stesheni, shati limemng'ang'ania mgongoni, ameinua chaja juu kama kikombe cha mashindano. "Si nilikwambia ipo?" akasema. Ilikuwa na vumbi. Akaipangusa kwa mkono wa shati palepale, mbele ya mteja, ikawa mpya. Elvis akalipa bila kubishana, jambo ambalo lilimhuzunisha Mutiso, maana alikuwa amejiandaa. Kisha mgeni wetu akajitazama: kofia kichwani, leso shingoni, maganda ya karanga mapajani, chupa tupu miguuni.

"Nilikuja kununua chaja," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Na umeipata," Dinah akasema.

Hapo Moureen akapiga kelele kutoka ndani: "Amerudi! Mama wa leso amerudi!"

Tukaingia wote, Mutiso pia. Kwenye kioo soko lilikuwa linajaa tena, wachuuzi wanarudi mmoja mmoja wakijipangusa. Mama wa leso alisimama mbele ya benchi akihema, ameshika taa imesuguliwa inang'aa.

"Una bahati," akasema. "Imebaki hii moja tu."

Elvis akakaa kwenye kiti. Akaikodolea macho. "Hii ni taa yangu. Ndiyo ile ya yule bibi. Mimi ndiye nilimwuzia yule wa vyungu, kule Chala."

"Ilikuwa yako," Dinah akamrekebisha.

"Na hii bei? Mimi niliitoa kwa bei ya kutupa!"

"Miguu ya hao wote waliokimbia utailipa na nini?"

Elvis akajaribu kubishana na mama wa ndani ya kioo. Moureen alikuwa ameiweka hiyo pia, Dinah ndiye aliyemwelekeza. Mama akaifunika taa kwa leso, akageuza uso. "Basi. Kuna mwingine ameiulizia." Elvis akalipa upesi, kabla ya huyo mwingine ambaye hayupo hajafika.

"Ungekuwa na yale makasha ya kawaida," Moureen akamwambia, na sasa sauti yake ilikuwa yake mwenyewe, "mfinyanzi angemwagwa ulipolala siku mbili. Taa ingefutika. Hungemaliza gemu. Hapa kitu hakifutiki. Kiko kwa mtu, na kuna mtu atakikimbilia."

Elvis akaenda Kasigau na taa yake, akaingia pangoni, akaua joka. Njiani nilimwona akipita kwa mfinyanzi bila kumwuzia chochote.

Kisha akachomeka chaja, akampigia bosi. Na hapa ndipo ningependa mnisaidie kumdharau, maana peke yangu sitoshi. Alisimama mlangoni, kofia ya makindu kichwani, akasema: "Bosi, nimegundua kitu." Amegundua! Akakipa jina refu la Kizungu lenye mtandao ndani yake na ugavi ndani yake na tabia ya mteja ndani yake. Akasema mteja akikalishwa atanunua vitu ambavyo hakuvijia, na kwamba wazo hilo lilimjia "on the ground". Kwenye ardhi ndiyo, kwa sababu alikuwa ameketi juu ya benchi la Mutiso akilishwa uongo wangu na karanga za Dinah. Nilifungua mdomo. Moureen akanifinya.

"Mjomba, nyamaza," akanong'ona. "Mwache agundue."

Nikamwacha agundue. Moureen akapewa kazi. Anaifanya hapo hapo nyuma ya duka la Mutiso, na usingizini siku hizi haombi mtu radhi. Dada yangu anasema anakoroma, ambayo ni dalili nzuri katika ukoo wetu.

Elvis aliweka sharti moja tu: wauzaji wafundishwe kusema sina, wasije wakakimbia mpaka mwisho wa dunia kwa kitu kisichokuwepo. Moureen alitujia na shauri hilo barazani, na likatutia aibu sote. Mutiso aliingia ndani kabisa asilisikie. Dinah akafikiri akipanga ndizi.

"Sina hapana," akasema. "Mwandikie hivi: Imeisha sasa hivi. Ungekuja jana."

Elvis alikubali. Sasa wachuuzi wa gemu hukimbia mpaka duka la mwisho, na wakikosa hurudi na kusema hivyo, kwa uso wa kusikitika kabisa, hata kama kitu hicho hakijawahi kutengenezwa na binadamu.

Jambo moja tu bado nina ugomvi nalo. Juzi nilimkuta Moureen amemweka mzee kwa lile benchi la kwenye gemu. Mzee ana kofia ya reli kama hii yangu. Mchezaji akikaa kungoja, mzee anamsogelea na kuanza kumwongopea, na huwezi kumnyamazisha kwa kidude chochote.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Mtu tu, Mjomba."

"Na hizo habari zake anazitoa wapi?"

"Kwa kasha, chini ya sakafu. Ya wengine niliondoa, la huyu nimeliacha. Kila siku mbili linamwagwa, linajazwa upya."

Nikamwambia huo ni upumbavu, ni dharau, na kwamba mtu wa kweli hawezi kujazwa hivyo kutoka hewani. Nikatoka nimekasirika. Barazani kulikuwa na bwana mmoja mgeni, ameketi kwa benchi, jua linamchoma, anangoja betri ya redio ambayo Mutiso alikuwa amekwenda kuitafuta. Nikakaa kando yake nikamwuliza kama amewahi kusikia habari za ndovu aliyetuma wakili.